Kuchora vifaa vya gofu kwa leza: anza na lebo ya begi, mpira uje mwisho

Kila wiki napigiwa simu zenye maswali yaleyale na vijana walionunua mashine ya leza hapa Dar. "Kaka, hii ya wati 10 inachora mpira wa gofu?" "Mbona herufi zinatoka na masizi?" "Ile ngozi ya Kariakoo inafaa?" Nimeamua kuyajibu yote hapa kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, ili anayeanza leo asiharibu mali ya mteja kama nilivyoiharibu mimi.

Kazi ya gofu inamfaa fundi mdogo kwa sababu kila kitu kinabeba jina la mtu. Mchezaji wa klabu ya gofu ya Gymkhana pale mjini au ya Lugalo ana begi, ana vijiti vya kusimamishia mpira, ana uma wa kurekebishia grini (ile nyasi fupi inayozunguka shimo), na vyote anataka vijulikane kuwa ni vyake. Kampuni ikiandaa mashindano ya Jumamosi moja, inahitaji lebo kwa kila mshiriki, na hakuna lebo mbili zenye jina moja. Kwa kiwanda kikubwa huo ni usumbufu. Kwako mwenye mashine mezani ni kazi ya usiku mmoja.

Sasa shika hili kabla ya mengine: usianze na mpira. Karibu kila anayenipigia anataka kuanza nao, na ndio mgumu kuliko vyote. Ni wa mviringo, ni mweupe, una vishimo uso mzima na umepakwa rangi usiyojua ina nini. Anza na lebo ya begi ya mbao, kitu bapa kinachosamehe makosa. Ukiimudu lebo, umejifunza robo tatu ya kazi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujawasha

Mashine ziko za aina tatu. Ya diodi ina mwale wa bluu wa nanomita 450 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), ndiyo ya bei nafuu, na inatosha kwa mbao, ngozi na alumini iliyotiwa rangi ya anodi. Ya CO2 ina mwale wa nanomita 10,600 usioonekana kwa macho. Inakata akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo, vizuri na inachora mpira. Ya faiba, nanomita 1,064, ni ya metali. Mwongozo huu unamlenga mwenye diodi ya wati 10, maana ndio wengi, lakini hatua zake ni zilezile kwa CO2.

Ukienda kununua, uliza wati za mwale wenyewe. Boksi nyingi zimeandikwa wati 40 kwa herufi kubwa, kumbe huo ni umeme unaoingia. Mwale unaotoka ni wati 5 au 10 tu.

Zaidi ya mashine, tafuta hivi:

- Miwani ya kinga iliyoandikwa namba ya nanomita inayolingana na mashine yako. Miwani ya jua au ya kuchomelea haikulindi.
- Feni ya kunyonya moshi yenye bomba linalotoka nje ya dirisha. Kufungua dirisha peke yake hakutoshi.
- Kizimamoto kidogo, kikae unapoweza kukifikia bila kuvuka mashine.
- Kalipa ya kupimia, hata ile ya plastiki.
- Tepu ya karatasi ya wapaka rangi, msasa namba 180, 240 na 400, na spiriti.
- Plaiwudi ya milimita 3, karatasi moja.
- Programu. Inkscape ni ya bure kwa kuchora, LaserGRBL ni ya bure kwa kuendesha. LightBurn inalipiwa na ndiyo ninayoitumia.
- UPS ndogo. Diodi haili umeme mwingi, na Luku ikiisha katikati ya jina la mtu utaelewa kwa nini nimeiweka hapa.

Mbao nachukua Keko, kwa mafundi wa fanicha. Vipande vya mninga vinavyobaki wakikata makabati vinatosha kabisa kwa lebo. Mninga una rangi ya kahawia ya wastani, leza ikipita maandishi yanatoka meusi na kusomeka kwa mbali. Wengi wananiuliza kuhusu mpingo kwa sababu wameuona Mwenge kwa wachonga vinyago na wanajua wageni wanaupenda. Mpingo ni mweusi tayari. Ukiuchoma unapata jeusi juu ya jeusi. Ukiutaka kwa nguvu, chora kwa kina halafu jaza rangi nyeupe au ya dhahabu kwenye maandishi.

Kuhusu ngozi, hapa nisikilize kwa makini. Vitu vingi vinavyouzwa kama ngozi ni plastiki ya PVC. PVC ikichomwa na leza inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo inachoma mapafu yako na kutia kutu vyuma vya mashine. Ipime hivi, ukiwa nje ya nyumba: shika waya wa shaba kwa koleo, upashe kwenye moto wa gesi hadi uwe mwekundu, uguse nao ile ngozi ili kidogo kinate kwenye waya, kisha urudishe waya motoni. Moto ukigeuka kijani, kuna klorini ndani. Usiiweke kwenye mashine hata kama mteja ameileta mwenyewe na anakusihi. Tafuta ngozi halisi iliyolainishwa kwa magome ya miti; ile iliyolainishwa kwa kromiamu nayo iache.

Lebo ya begi, hatua kwa hatua

1. Pokea majina kwa maandishi. Usikubali kuandika jina ulilosomewa kwenye simu. Mwanaidi na Mwanaid ni watu wawili tofauti, na mzee aliyecheza gofu miaka 30 hafurahi kuona jina lake limekosewa mbele ya wenzake. Mwombe mteja atume orodha, wewe uipange, umrudishie picha ya kila lebo, naye aseme ndiyo kabla hujachoma chochote. Kama kuna nembo ya klabu au kampuni, uliza nani ameiruhusu.

2. Kata vipande. Kipimo changu ni milimita 90 kwa 50, unene 5, tundu la milimita 6 upande mmoja kwa ajili ya kamba. Mninga wa unene huo usiukate kwa diodi ya wati 10. Utapita mara nyingi na ukingo utatoka kama mkaa. Mpe fundi seremala akukatie kwa msumeno na kutoboa. Kazi ya leza ni maandishi.

3. Piga msasa kufuata nyuzi za mti, 180 kwanza, kisha 240, umalizie na 400. Wakati wa masika acha vipande vikae ndani siku mbili tatu vikauke. Mbao yenye unyevu inachoreka kwa mabaka.

4. Panga maandishi kwenye programu. Chagua herufi nene kiasi, zisizo na mikia myembamba. Kwenye lebo, herufi ndogo zisishuke chini ya milimita 3 kwa urefu. Ukimaliza, geuza maandishi yawe mistari, maana faili ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na aina ile ya herufi, jina litabadilika sura bila wewe kujua.

5. Tengeneza kalibu. Hapa ndipo wanaoanza wanaporuka, na hapa ndipo kazi inapoharibikia. Kalibu ni kibao cha plaiwudi unachokikata kwa mashine yako hiyohiyo, chenye matundu ya umbo la lebo. Unakibana kwenye meza ya mashine, na kikishabanwa hakisogei tena mpaka oda iishe. Kwa kuwa mashine ndiyo iliyokata tundu, inajua tundu liko wapi. Jina ukiliweka katikati ya tundu kwenye programu, litaangukia katikati ya lebo, ya kwanza hadi ya mwisho.

Kata matundu makubwa kuliko lebo kwa milimita 1, kwa sababu vipande vya seremala havilingani hata siku moja. Kisha kila lebo isukume kwenye kona ileile, chini kushoto. Ukiisukuma hii kushoto na ile kulia, majina yatacheza, na zikipangwa mezani pamoja kila mtu ataona. Mimi nakata matundu sita kwa kalibu moja, safu mbili za tatu.

Plaiwudi ya milimita 3, kwa wati 10, anza kuijaribu kwa nguvu asilimia 100 na kasi ya milimita 250 kwa dakika.

6. Weka fokasi, yaani pale mwale unapokusanyika kuwa nukta ndogo kabisa, juu ya uso wa lebo. Lebo ina milimita 5, kalibu ina 3. Ukipima kwenye kalibu umekosea kwa milimita 2. Halafu pima kona zote nne za meza. Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa lebo 40. Safu ya kushoto ilitoka safi. Nilipookota ya kulia na kuileta karibu na taa, tumbo la "a" lilikuwa limeziba, "e" imekuwa doa, na ukingo wa kila herufi una ukungu wa kahawia kama chai iliyomwagika kwenye karatasi. Meza ilikuwa imeinama milimita 3 upande ule. Nilizipiga msasa lebo 20 kwa mkono usiku kucha. Tangu siku hiyo napima kona zote kwa kalipa kila asubuhi.

7. Choma jedwali la majaribio kwenye kipande kilichobaki cha mbao ileile. Mistari ya kwenda chini iwe kasi, kuanzia milimita 1,000 hadi 6,000 kwa dakika. Ya kwenda pembeni iwe nguvu, asilimia 20 hadi 100. LightBurn inalitengeneza lenyewe. Nafasi kati ya mstari na mstari weka milimita 0.1, ndiyo ile inayoandikwa 254 kwa inchi. Chagua mraba uliokolea vizuri ambao ukiupitishia ukucha husikii shimo kubwa. Usinakili namba za mtu mwingine, hata zangu. Mninga wa mti mmoja si sawa na wa mti mwingine.

8. Bandika tepu ya karatasi juu ya lebo, ikandamize kwa kitambaa isibaki na hewa. Masizi yatakaa juu ya tepu badala ya kuingia kwenye nyuzi za mti.

9. Zungusha mpaka kabla ya kuchoma. Programu ina kitufe kinachoipeleka leza kuzunguka eneo la kazi kwa mwanga hafifu. Tazama kama inabaki ndani ya lebo zote sita. Kisha choma.

10. Kaa hapo. Usiende kununua chipsi, usiende hata kupokea mzigo getini. Mbao inaweza kushika moto ndani ya sekunde chache, hasa mashine ikisimama ghafla na mwale ukabaki mahali pamoja.

11. Bandua tepu, futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, acha dakika kumi, kisha paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Maandishi yanazidi kukolea na mninga unatoa rangi yake. Fungia kamba ya ngozi.

Vifaa vingine vidogo

Vijiti vya kusimamishia mpira, ambavyo wachezaji wanaviita tii, vinauzwa kwa wingi vikiwa vya mbao, vingi vina urefu wa milimita 70 au 83. Kanuni za gofu haziruhusu kuzidi milimita 101.6, kwa hiyo ukichongesha vyako mwenyewe usivuke hapo. Shina ni jembamba, maandishi yasizidi urefu wa milimita 2.5, na kalibu yake iwe na mifereji kumi iliyopangwa sambamba. Vilivyopakwa rangi vinapendeza zaidi: leza inaondoa rangi na mbao inachungulia.

Kialamisho, kile kisahani kinachowekwa grini mchezaji anapouokota mpira wake, kata kwenye plaiwudi nzuri au akriliki kipenyo cha milimita 25. Ila diodi ya bluu haikati akriliki inayopitisha mwanga, kwa sababu mwale unapita tu kama kwenye kioo cha dirisha. Chukua nyeusi. Watengeneza mabango huwa wana vipande vya kutupa, waombe.

Uma wa grini wa alumini yenye rangi ya anodi unachoreka vizuri kwa diodi, unatoka na maandishi meupe au ya kijivu. Wa chuma cha pua kitupu mpelekee mwenye faiba, mgawane malipo.

Mpira

Umefika. Mpira wa gofu una kipenyo kisichopungua milimita 42.67 na uzito usiozidi gramu 45.93. Ganda lake ni plastiki, na leza inakula vishimo vyake, ambavyo ndivyo vinavyousaidia kuruka. Kwa hiyo mwambie mteja mapema: mpira uliochorwa kwa leza ni zawadi na kumbukumbu, wa kuweka kabatini kwa mtu aliyeingiza mpira shimoni kwa mpigo mmoja. Asiupeleke mashindanoni.

1. Kata kalibu yenye tundu la mviringo la milimita 38 kwenye plaiwudi, uiinue juu ya vibao viwili. Mpira utakaa kwenye tundu bila kubingirika.

2. Chagua upana wa mchoro. Hapa kuna hesabu ndogo inayookoa mipira mingi. Mchoro wa upana wa milimita 12 unashuka milimita 0.9 kutoka juu ya mpira hadi ukingoni. Wa 16 unashuka 1.6. Wa 20 unashuka 2.5, na hapo ukingo umeshatoka nje ya fokasi. Mimi siendi zaidi ya 16.

3. Weka fokasi katikati ya mshuko huo. Kwa mchoro wa milimita 16, shusha kichwa milimita 0.8 chini ya kilele cha mpira.

4. Kwa diodi, paka sehemu ya kuchora rangi nyeusi ya maji, ikauke. Bila hivyo weupe wa mpira unaurudisha mwanga na hupati kitu. Kwa CO2 huna haja ya rangi hii.

5. Choma kwa nguvu ndogo, mara mbili, kuliko mara moja kwa nguvu kubwa. Feni ya moshi iwe imewashwa kwa nguvu zote. Moshi wa plastiki hii ni mbaya.

6. Osha mpira, jaza rangi ya akriliki kwenye mchoro kwa brashi ndogo, futa ziada kwa kidole kilichovaa glovu kabla haijakauka.

Nunua mipira iliyookotwa viwanjani ya kujifunzia. Dazeni mbili zinakwisha haraka. Na mteja akitaka mipira 300 yenye nembo ya rangi nne, mpeleke kwa mwenye printa ya UV, inayochapa wino wa rangi moja kwa moja juu ya kitu. Atakurudia kwa lebo.

Kazi ikigoma

Maandishi yana kivuli cha kahawia pembeni: hewa inayopulizwa pale mwale unapochoma haitoshi, au umesahau tepu. Ikiwa ni upande mmoja tu, rudi kwenye hatua ya sita.

Mistari imejipinda kama mawimbi: mkanda wa mashine umelegea, au kasi imezidi. Kaza kwanza.

Jana ilichora vizuri, leo imefifia: futa lenzi kwa pamba na spiriti. Hewa ya Dar ina unyevu na chumvi, ikichanganyika na moshi inaganda juu ya lenzi. Mimi nafuta kila baada ya saa nane za kazi.

CO2 imepunguza nguvu mchana: maji ya kupoza yamepata joto. Tumbukiza chupa za maji yaliyogandishwa kwenye tangi, lakini kidogo kidogo. Bomba la leza likianza kutoa jasho, simamisha, maana umeme unaweza kuruka. Maji yawe yale yaliyotoneshwa ya betri. Maji ya kisima ya hapa yana chumvi, yanaharibu bomba.

Umeme umekatika katikati ya lebo: usiguse lebo wala kalibu. Umeme ukirudi, irudishe mashine kwenye kona yake ya kuanzia, fungua onyesho la kazi kwenye LightBurn, sogeza mpaka mstari ulipoishia, kisha anzia hapo. Ikiwa mashine yako haina swichi za kona, zile zinazoijulisha imefika mwanzo, weka alama ya penseli kichwa kinapoanzia kila siku.

Jina limekosewa na lebo imeshachomwa: geuza upande wa pili, piga msasa, choma upya. Ndiyo maana nakata unene wa 5 na si 3.

Oda ikiisha, andika jina la mteja na tarehe nyuma ya kalibu kwa penseli, itundike ukutani, na faili lake ulihifadhi na namba zile za kasi na nguvu ulizotumia. Miezi sita baadaye atapiga simu: lebo moja imepotelea uwanja wa ndege, anaomba nyingine inayofanana na zile.